Kubadili kaliba ya bastola ya mashindano: namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Mmoja ana bastola ya .40 (kaliba ni kipenyo cha risasi, na .40 ni sehemu 40 za mia za inchi), ameizoea mkononi, ila anaona wenzake wanatumia milimita 9 na kwa hela ileile wanafyatua risasi nyingi kuliko zake. Mwingine anayo ya milimita 9 na kaambiwa .40 inaleta alama zaidi. Wa tatu anataka kufunga mtutu wa .22 ili afanye mazoezi bila kuuza gunia la mahindi kila mwisho wa wiki. Swali lao ni moja, majibu yao ni matatu tofauti. Mwongozo huu ni wa kulifikia jibu lako ukiwa Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe, ambako duka la risasi haliko mtaa wa pili na fundi silaha hapatikani kama fundi pikipiki.

Niseme mapema ninakoegemea. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, jambo hili linaamuliwa kwanza na leseni, kisha na upatikanaji wa risasi. Bastola yenyewe inakuja ya tatu. Kwa hiyo hatua hizi hazifuati mpangilio ambao fundi angeupenda, yeye angeanza na bisibisi.

Hatua ya 1: Andika sababu yako

Chukua karatasi, andika sentensi moja: "Nataka kubadili kaliba kwa sababu..." Ukiona sentensi inahitaji "na pia" tatu, bado hujajua unachotaka.

Sababu zenye uzito ni chache. Gharama ya risasi ni moja. Kanuni za daraja unaloshindania ni nyingine. Ya tatu ni teke, yaani bastola inavyosukuma mkono nyuma ikifyatuka: mkono au kiwiko kinauma, au umri umesogea, na .40 inakuchosha kabla mashindano hayajafika nusu. Ya nne ni mazoezi ya bei nafuu. Iko na ya tano ambayo hakuna anayeikiri, nayo ni kwamba mtu amechoka na bastola yake na anataka kitu kipya. Si dhambi, lakini dawa yake ni bastola nyingine. Mtutu mpya ndani ya bastola uliyoichoka utakuacha na bastola uliyoichoka yenye mtutu mpya.

Hatua ya 2: Soma kanuni za mchezo wako, siyo za jirani

Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu wanasikia "Major" na "Minor" vijiweni bila kupiga hesabu. Tuipige.

Kwenye IPSC, mchezo wa kufyatua kwa kasi huku unakimbia na kuzunguka vizuizi, risasi zako hupimwa kigezo cha nguvu. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greini (kipimo kidogo cha uzito), unazidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawanya kwa 1,000. Kichwa cha milimita 9 chenye greini 124 kikienda futi 1,050 kwa sekunde kinatoa 130. Kichwa cha .40 chenye greini 180 kikienda futi 950 kinatoa 171. Minor inaanzia 125. Major inaanzia 170 kwenye daraja la Standard na 160 kwenye Open. Risasi zako zikipimwa zikakutwa chini ya 125, utaruhusiwa kumaliza mashindano lakini huhesabiwi alama hata moja.

Faida ya Major iko pembeni ya shabaha, siyo katikati. Eneo A ni alama 5 kwa kila mtu. Eneo C ni 4 kwa Major na 3 kwa Minor, eneo D ni 2 kwa Major na 1 kwa Minor. Chukua kituo, yaani sehemu moja ya mashindano, cha risasi 24 ambapo umepiga A 18 na C 6. Wa Major anapata 114, wa Minor anapata 108. Alama hugawanywa kwa muda, kwa hiyo wa Major akimaliza kwa sekunde 12 ana 9.5. Wa Minor akitaka kumfikia lazima amalize kwa sekunde 11.37, yaani aokoe sekunde 0.63. Ukiigawa kwa risasi 24, ni chini ya sehemu tatu za mia za sekunde kwa kila risasi. Je, teke dogo la milimita 9 linakupa hiyo? Kwa mpiga shabaha wa kawaida anayepiga A nyingi, mara nyingi linampa. Kwa anayemwaga risasi kwenye C na D, hapana, na huyo Major inambeba kweli.

Sasa angalia daraja lako. Production huhesabiwa Minor kwa kila mtu, hata uje na nini. Anayeshindania Production na .40 anabeba teke na gharama bila kulipwa chochote, kwa hiyo kwake kushuka kwenda milimita 9 kuna mantiki. Tahadhari yake ni kwamba Production ina orodha ya bastola zilizokubaliwa na marekebisho yanayoruhusiwa ni machache. Mtutu wa karakana ya pembeni wenye urefu tofauti au wenye matundu unaweza kukutoa kwenye daraja lenyewe. Standard ni kinyume: kupata Major huko lazima kichwa cha risasi kiwe na kipenyo cha milimita 10 na kuendelea. Ukiishusha .40 yako kuwa 9, umeiacha Major kwa hiari yako. Unachobaki nacho ni risasi kuongezeka ndani ya magazini (kikasha cha risasi), na kwenye vituo virefu hilo si dogo.

Hapo ndipo kaliba nyingine, .357 SIG, inapowahadaa watu. Ganda lake lilitokana na la .40, kitako ni kilekile, na bastola nyingi za .40 zinaipokea kwa kubadili mtutu tu huku magazini zikibaki. Inavutia. Ila kichwa chake ni cha milimita 9, kwa hiyo Major ya Standard huipati, na risasi zake huku kwetu utazisaka kama dawa ya mganga. Iache.

Kwa walenga shabaha wa ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, mambo ni mepesi. Mita 25 kwa .22, au ile ya kaliba kubwa kati ya milimita 7.62 na 9.65, triga isiyovutika kwa uzito chini ya gramu 1,000. Baadhi ya bastola za mchezo huo, kama Walther GSP, zilibuniwa tangu mwanzo zibadilishane .22 na .32 S&W Long. Ukiwa na ya aina hiyo, ruka hatua ya 5 kabisa, kiwanda kilishakufanyia kazi.

Hatua ya 3: Fungua leseni uisome

Siyo kuikumbuka, kuisoma. Itoe kabatini. Inataja silaha yako kwa aina, namba na kaliba. Bastola yenye mtutu uliogongwa alama ya 9x19, ndiyo milimita 9, na leseni inayosema .40 ni vitu viwili visivyofanana, na siku ya uhakiki au kizuizi cha barabarani, maelezo yako ya kanuni za IPSC hayatamsisimua askari.

Mzee mmoja wa Mafinga, mlenga shabaha wa siku nyingi, aliulizwa jambo hili na kijana aliyekuja na picha za mtutu kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Hivi nikifunga mtutu wa tisa kwenye hii yangu, itakubali?"

"Marahaba. Leseni yako imeandikwa nini?"

"Arobaini, mzee."

"Basi kaanzie polisi, mwanangu. Ukitoka huko na karatasi ndiyo uje tuongelee mtutu."

Hakumwonyesha hata pa kuanzia kupima. Alikuwa sahihi.

Silaha za raia nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na daftari liko kwa Msajili wa Silaha, ndani ya Jeshi la Polisi. Mlango wako wa kuingilia ni kituo cha polisi cha wilaya yako, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Peleka maswali haya kwa maandishi na uombe majibu kwa maandishi. Je, naruhusiwa kumiliki mtutu wa pili wa kaliba nyingine kwa silaha hii hii? Je, utaandikwa kwenye leseni ileile au ninaomba upya? Kibali cha kuuingiza nchini nakiombaje, na nikishaupata nauleta wapi ukaguliwe? Fundi yupi mwenye leseni anaruhusiwa kuufunga? Je, nikishabadili, mtutu wa zamani naruhusiwa kubaki nao?

Swali hilo la mwisho watu hulisahau. Mtutu uliotolewa si chuma chakavu cha kuweka kwenye droo ya misumari. Uchukulie kama silaha nzima mpaka mamlaka ikuambie vinginevyo, yaani unafungiwa kabatini pamoja na bastola. Na mtutu wa kuagiza mtandaoni, ukaja ndani ya mzigo wa vipuri vya gari, ni njia ya uhakika ya kuipoteza leseni uliyoihangaikia kuanzia serikali ya mtaa.

Kwa wa Mbeya na Songwe nina nyongeza: tafadhali usianze habari ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Najua Tunduma iko karibu, kama kilomita mia hivi kutoka mjini, na najua mtu akivuka anarudi na kila kitu kuanzia mafuta ya kula hadi magodoro. Risasi na vipuri vya silaha havimo kwenye orodha hiyo.

Kama unashindana nje, kaliba inakufuata mpakani. Afrika Kusini, kwa mfano, mgeni anayeingia na silaha ya mashindano hujaza fomu ya polisi iitwayo SAPS 520, inayotaka aina, namba na kaliba ya silaha, na hivyo lazima vifanane na karatasi ulizotoka nazo nyumbani. Ukibadili kaliba miezi miwili kabla ya safari, huku leseni mpya haijatoka, umejifungia ndani mwenyewe.

Ukimaliza hatua hii na jibu ni "hapana" au "subiri", mwongozo umeishia hapo kwa sasa. Usiendelee kununua kwa matumaini.

Hatua ya 4: Zitafute risasi kwanza

Kabla hujauliza bei ya mtutu, piga simu kwa wauzaji wenye leseni. Waulize vitu vitatu: kaliba hiyo unayo leo, ulikuwa nayo mwaka jana wakati kama huu, na kichwa ni cha greini ngapi. Kujua kama iko leo peke yake hakutoshi. Kaliba inayopatikana mara moja na kupotea miezi sita haikusaidii, hata iwe ya bei rahisi namna gani.

Milimita 9 ina faida ya umri na wingi. 9x19 ilianza 1902 na imekuwa ya majeshi na polisi wa nchi nyingi, kwa hiyo hutengenezwa kila kona ya dunia. .40 S&W ilizaliwa 1990 na polisi wa Marekani ndio walioikuza. Walipoanza kurudi kwenye milimita 9, wateja wake wakapungua. .22 LR ni ya 1887 na ndiyo nafuu kuliko zote, ila nafuu yake unaiona dukani ikiwepo dukani.

Na uhesabu safari. Iringa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500, Mbeya ni zaidi ya 800. Unaponunua risasi chache chache, nauli na usiku wa kulala vinaingia ndani ya bei ya kila risasi. Leseni nayo ina kikomo cha risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Anayefikiri atanunua za mwaka mzima kwa mkupuo, na arudie hatua ya 3.

Wapo wanaosema watajijazia maganda wenyewe, na huko nje ndiyo njia ya kawaida ya kuifikisha .40 kwenye Major. Hapa, kujaza risasi ni kutengeneza risasi. Baruti, fataki (kile kinachogongwa na pini kuwasha baruti) na mashine yake vyote vinahitaji ruhusa. Usiingize akiba hiyo kwenye hesabu zako kabla ruhusa haijawa mkononi.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo uitazame bastola

Toa magazini. Vuta slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba (pale risasi inapokaa mtutuni), ingiza kidole, tazama tena. Risasi zote ziwe chumba kingine, siyo meza nyingine. Kisha ifungue kama unavyoifungua kuisafisha, ubaki na slaidi mkononi.

Ukiwa na ya .40 na unafikiria milimita 9, tafuta ganda tupu la milimita 9 lililokwishafyatuliwa na lisilo na mkunjo. Ligeuze, telezesha kitako chake kwenye uso wa slaidi, chini ya kile kikucha kinachovuta ganda. Utaona kitu. Kitako cha .40 kina kipenyo cha kama milimita 10.8 na cha 9 ni kama 9.96. Uso wa slaidi yako ulichongwa kwa kile kikubwa, kwa hiyo ganda dogo halikai katikati: linalala upande wa kikucha, na ukilisukuma kwa ukucha wa kidole linacheza kushoto na kulia. Sasa inamisha slaidi, uitikise polepole. Kikucha kikilishikilia, mtutu wa kubadilisha una nafasi nzuri ya kufanya kazi bila kugusa slaidi. Likidondoka, utahitaji kikucha kingine, na pengine na kile kijiti kinachorusha ganda nje. Mara nyingi tatizo la ubadilishaji huu linaanzia hapo, kwenye ganda linaloshikwa kwa mashaka na kutolewa kwa mashaka. Kufyatua kwenyewe si shida, maana mgandamizo wa 9x19 na wa .40 unakaribiana sana.

Mbali na mtutu, hesabu magazini za milimita 9 na springi laini zaidi. Springi iliyopimwa kwa .40 itaifanya slaidi irudi kivivu kwa risasi dhaifu za Minor, halafu utamlaumu muuza risasi.

Ukiwa na ya milimita 9 na unatamani .40, chukua ganda tupu la .40 ufanye jaribio lilelile. Halitaingia. Ili liingie, lazima uso wa slaidi uchongwe, na chuma kilichochongwa hakirudi. Ongezea kwamba mtutu wa .40 ndani ya nafasi iliyopimwa kwa 9 unabaki na kuta nyembamba, na bastola yenyewe haikupimwa kiwandani kwa teke hilo. Jibu langu hapa ni moja: usifanye. Ukihitaji .40, omba leseni ya bastola iliyozaliwa .40.

Bastola za mtindo wa 1911, ule wa zamani wa Marekani, na ndugu zake wa magazini pana zina jambo lao. Mtutu wake haudumbukizwi tu, unapigwa tupa mpaka ukae. Risasi za 9 na .40 husimamia mdomo wa ganda: mdomo unagota kwenye ngazi ndogo ndani ya chemba, na umbali kutoka hapo hadi uso wa slaidi kwa 9x19 unatakiwa uwe kati ya milimita 19.15 na 19.71. Ukizidi, ganda linapasuka. Ukipungua, slaidi haifungi. Kazi hiyo hupimwa kwa vipimo maalumu vya chuma, kimoja lazima kikubali, kingine lazima kikatae. Fundi asiyekuwa navyo akikuambia "nitaona kwa macho", mshukuru, chukua bastola yako.

Kwa .22 mambo ni tofauti kabisa, na ndiyo ubadilishaji ninaouunga mkono bila kusita. Hubadilishi mtutu peke yake. Unanunua seti ya kiwanda: slaidi nyepesi, mtutu na magazini, kama ile ya Kadet ya kiwanda cha CZ kwa bastola za familia ya CZ 75. Bastola yenyewe haichongwi. Triga na mshiko vinabaki vilevile ulivyovizoea, na hicho ndicho unachofanyia mazoezi. Haikufundishi kuzuia teke, kwa sababu teke lenyewe halipo. Wala huingii nayo kwenye mashindano ya bastola ya IPSC, ambako kaliba ya chini ni 9x19. Ni ya kujenga jicho na kidole. Inachagua risasi kama mtoto anavyochagua mboga: aina moja inapita magazini nzima, nyingine inakwama kila ya tatu. Jaribu aina mbili tatu kabla hujanunua nyingi. Na isafishe, vichwa vyake vya madini ya risasi yasiyofunikwa, vilivyopakwa nta, huacha uchafu.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya lini hela inarudi

Jumlisha kila kitu: mtutu au seti, magazini, springi, ushuru, kibali, fundi, safari. Gawanya kwa tofauti ya bei kati ya risasi ya zamani na mpya. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, jumla ni shilingi 2,400,000 na unaokoa shilingi 800 kwa kila risasi. Ni risasi 3,000 kabla hujaanza kufaidi. Anayefyatua 200 kwa mwezi atafika baada ya miezi 15. Anayefyatua 50 atafika baada ya miaka mitano, na kabla ya hapo atakuwa ameshabadili mawazo.

Weka pembeni yake gharama ya bastola ya pili. Ina leseni yake, shabaha yake, na ikiharibika moja unayo nyingine. Kwa anayeishusha .40 kuwa 9 ili acheze Production moja kwa moja, mara nyingi kuomba kuuza ya .40 kwa njia halali na kununua ya 9 kunashinda. Bastola yenye mitutu miwili ni tamu kuisimulia, lakini kila ukibadili mtutu unapoteza shabaha na kuanza kurekebisha upya.

Kuna na hesabu ya bure: kufyatua kavu nyumbani, bastola tupu, risasi bandia ndani, ukuta salama mbele. Kabla hujaamua kwamba tatizo ni bei ya risasi, fanya hivyo kila jioni kwa msimu mmoja wa mvua. Ukiona alama zinapanda, huenda umeokoa hela ya mtutu. Usifanye kavu bila risasi bandia kwenye seti ya .22, pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Hatua ya 7: Ukishaamua kubadili

Nasikia mara nyingi kwamba Mbeya iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo risasi "zinakwenda tofauti" na kaliba fulani inafaa zaidi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa kweli ni nyepesi kuliko ya Dar. Ila mwendo wa risasi inapotoka mtutuni unatokana na baruti, na kwa umbali wa mita 10 hadi 25 tofauti ya hewa huioni kwenye shabaha.

Baridi ndiyo ya kuiangalia. Asubuhi ya Juni au Julai pande za Njombe na Makete, ambako Kitulo umande huganda hadi kuwa barafu nyembamba, baruti nyingi huwaka kwa nguvu pungufu kidogo kuliko mchana wa joto. Risasi ya Minor iliyopimwa 127 Dar es Salaam inaweza kushuka chini ya 125 kwenye baridi kama hiyo. Kwa hiyo ukipata kaliba mpya, pima mwendo wake asubuhi ya baridi, ukiwa na nafasi ya kutosha juu ya kikomo. Kwa .22, nta inayopakwa kwenye kichwa huwa ngumu na makundi ya matundu hutanuka. Ziweke risasi mahali pa joto la kawaida mpaka zamu yako ifike, usizianike kwenye dashibodi.

Unyevu wa Tukuyu na ukungu wa Mufindi unakula mtutu mpya usio na rangi ya kinga. Mafuta mepesi, kitambaa kikavu, na vifuko vya kufyonza unyevu ndani ya kabati. Mfuko wa ngozi si mahali pa kuhifadhia, hunyonya maji na kuyashikilia.

Siku ya kwanza uwanjani, uwanja uliokubaliwa na siyo shambani kwa shemeji, weka risasi moja tu kwenye magazini. Fyatua, tazama ganda. Kisha mbili. Kisha tano. Ganda lenye uvimbe upande mmoja, mdomo uliopasuka, au fataki iliyotobolewa, simama, rudisha kwa fundi. Likiwa safi na linarukia upande uleule kila mara, endelea mpaka magazini zote zipite bila kukwama, halafu ndiyo urekebishe shabaha na uandike mahali ilipo kwa kila mtutu.

Na hili lipe umuhimu kuliko yote ukiwa na mitutu miwili. Risasi ya .40 haiingii kwenye mtutu wa 9, itakataa na utaiona. Risasi ya 9 inaingia kwenye mtutu wa .40. Inazama ndani, kikucha kinaweza kuishikilia, pini ikagonga, ikafyatuka, na ganda likapasuka ndani ya chemba pana mbele ya uso wako. Kwa hiyo kaliba mbili hazikai mfuko mmoja. Magazini za 9 zipake rangi nyekundu kitakoni, za .40 ziache nyeusi. Ukienda uwanjani beba kaliba moja na mtutu mmoja, wa pili ubaki kabatini. Na kabla ya kila kipindi, vuta slaidi usome kaliba iliyogongwa kwenye mtutu, kisha usome kitako cha risasi ya kwanza unayoiweka kwenye magazini.